Neno Nililokuwa Nikilitafuta Kaburini kwa Maganga

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Rajabu mwaka huu tulimzika Ramadhani Maganga huko Mwera, na mimi nikapoteza mtu pekee aliyekuwa akiniambia nimekosea kabla sijamaliza kusema. Alikuwa mwalimu wangu katika kazi ya ukalimani, tena alikuwa mtani wangu. Yeye Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, baba yake akiwa mkata mkonge; mimi Mzigua wa Mkwaja. Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa utani ni nini. Nyinyi mliokulia mbali jueni hivi tu: mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukuita mtumwa wake mbele ya mama yako, na ana wajibu wa kuja msibani kwako kufanya yale ambayo ndugu zako hawawezi kuyafanya kwa sababu wanalia.

Vijana mnaofanya kazi hii sasa mmeniuliza zaidi ya mara moja: mgonjwa akisema anaomba msaada, umwambie daktari "help", au "assist", au "aid", au "support"? Mbona Waingereza wana maneno mengi hivyo kwa jambo moja? Nimechelewa kuwajibu. Si uzee ulionichelewesha. Swali hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu siku ya maziko, na ninaona haya kulijibu bila kusema lilinifanya nini. Kwa hiyo nitawajibu yote mawili kwa pamoja.

Mimi nimeishia darasa la saba. Kiingereza nilikiokota jikoni kwa meneja wa shamba la mkonge, nikimenya viazi. Nilijua kusema "chumvi" na "siyo hivyo" kwa Kiingereza kabla sijajua kusalimia. Maganga alikiokota katika zahanati ya shamba hilohilo, alikokuwa akifunga vidonda. Madaktari wageni walipoanza kuja pwani yetu kupasua mabusha, walihitaji mtu wa kusema kati yao na wagonjwa. Wakamchukua Maganga. Maganga akanichukua mimi.

"Mbona huyu?" wakamuuliza.

"Huyu Mzigua," akajibu. "Hana haya. Atauliza yale ambayo waungwana hawawezi kuyauliza."

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Mkwaja, kijijini kwetu. Mkubwa wa wale madaktari alikuwa mtu mrefu, mkimya, tuliyezoea kumwita Dokta Hansi. Alinipa kipaza sauti akaniambia niwatangazie watu kuwa wamekuja "to help". Nikaona jambo dogo hilo. Nikapita kitongoji kwa kitongoji nikitangaza: "Wageni wameleta msaada! Kesho asubuhi, zahanati! Msaada!"

Asubuhi uwanja ulijaa wanawake wenye vikapu na ndoo. Mwanamume hakuwepo hata mmoja. Mbele kabisa alikaa Bi Zaina, jirani ya mama yangu, na kikapu cha kubeba gunia.

"Haya baba," akaniambia, "unga uko wapi?"

Nikababaika. Maganga akasogea akamwinamia. "Shikamoo mama. Unga hakuna. Kuna kisu."

"Kisu cha nini?"

"Cha mabusha."

Bi Zaina akamtazama, akanitazama na mimi. "Sasa si mngesema? Kamwiteni mume wangu, kajifungia ndani kule. Na huyu mtoto wa Mwanahamisi mwambieni msaada ni kitu cha kubebeka."

Wanawake wakacheka mpaka Dokta Hansi akatoka kuuliza kuna nini. Nilitamani ardhi inimeze. Maganga hakunigombeza. Jioni alinishika mkono akanipeleka kisimani. Kulikuwa na mwanamke amejaza ndoo, ametia ngata ya kitambaa kichwani, anangoja.

"Nitwikeni jamani," akasema yule mwanamke.

Maganga akanisukuma. Nikashika upande mmoja, mwanamke akashika mwingine, tukainua, ndoo ikakaa kichwani. Akaondoka.

"Maji anabeba nani?" Maganga akaniuliza.

"Yeye."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimemtwika."

"Basi hiyo ndiyo help. Umeinua naye, ukamwacha aende na mzigo wake. Ungemfuata nyuma ukishika ukingo wa ndoo isimwagike, hiyo ningeiita assist. Kazi ni yake, wewe ni mkono wa ziada. Ukimletea maji kwa lori kutoka Tanga, na jina lako limeandikwa ubavuni mwa lori, ndiyo aid. Hiyo ndiyo uliyowatangazia watu jana, ndiyo maana wamekuja na vikapu."

"Na support?"

"Hukuiona ngata? Haionekani ndoo ikishakaa. Lakini itoe uone."

"Na relief?"

"Mngoje afike kwake, mtu amtue."

Msiyashike haya kama sheria. Wenye vitabu watawaeleza vingine, na pengine watakuwa na haki. Lakini mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kwa ndoo ile. Kila neno la namna hii lilipokuja nilijiuliza: baada ya hapa, mzigo uko kichwani kwa nani? Nikishajua hilo, neno lilijileta lenyewe. Nyinyi simu zenu zinawapa maneno kumi kwa mpigo. Simu haijawahi kutwikwa ndoo.

Kosa langu la pili nililifanya Maramba, nalo halikuwa la Kiingereza. Palikuwa na mzee mmoja ambaye busha lilimfikia magotini. Alikuwa hatoki nje ila kwa kanzu pana. Tulimkuta barazani amekaa na mkwewe, mume wa binti yake. Mimi kwa upesi wangu nikasema, "Mzee, tumekuja kukusaidia."

Akavuta kikoi chake. "Nani kakwambia mimi nahitaji kusaidiwa?"

Mkwewe akatazama chini. Mimi bado sikuelewa. Nikataka kuendelea, Maganga akanikanyaga mguu.

"Shikamoo mzee," Maganga akasema, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi.

"Marahaba."

"Mzee, huyu daktari ana wanafunzi wake. Wanataka kujifunza kwa mtu mzima mwenye subira, maana vijana tukiwashika wanapiga kelele. Tumeambiwa hapa Maramba mwenye subira ni wewe."

Mzee akafikiri. "Subira ninayo."

"Basi tumekuja kukuomba utusaidie."

Kesho yake alifika kabla yetu, ameoga, amejipaka mafuta. Alipasuliwa akapona, na mpaka anafariki alikuwa akisimulia jinsi alivyowafundisha madaktari wa Ulaya kazi. Dokta Hansi siku ile alimuuliza Maganga alimwambia nini mzee. Maganga akajibu kwa Kiingereza kuwa amemwomba atusaidie. "Ni kweli?" Dokta akauliza. "Waulize wanafunzi wako," Maganga akasema. Na wanafunzi kweli walikuwepo, wanne, wamekuja na madaftari yao. Hakusema uongo hata neno moja. Alichagua tu asimame upande gani wa ndoo.

Watu wazima wa pwani wanaita jambo hilo kusitiri. Unamsaidia mtu na wakati huohuo unamfunika asionekane anasaidiwa. Nimelitafuta neno hilo kwa Kiingereza miaka yote sijalipata. Kila nilipokuwa karibu kulipata, lilikuwa linafunika bila kusaidia, au linasaidia na kumwacha mtu uchi.

Sasa niwaambie la msiba, kwanza wangu.

Mke wangu Asha alipofariki nilikaa kwenye jamvi nikawa kama gogo. Watu walikuja wakanipa pole, nikaitikia. Sikulia. Sikula. Ndugu zangu wakaanza kuogopa. Siku ya pili tukasikia kelele barabarani. Anakuja mtu amejifunga kanga ya Asha, amejitanda nyingine kichwani, kachukua kikapu chake cha sokoni, anatembea akiburuta kidogo mguu wa kushoto, vilevile kama Asha alivyokuwa akitembea. Akapita katikati ya wazee bila kuvua viatu. Ndevu zinatoka kwenye kanga.

"Mzigua!" Maganga akanifokea. "Mtumwa wangu nilikupa mzima, umemfanyisha kazi mpaka amekufa! Leo utapikiwa na nani? Utakula Kiingereza?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, mke wangu hajamaliza siku mbili kaburini. Kisha kicheko kikageuka, nikalia, na kilio kile ndicho kilichokuwa kimenikwama. Maganga akaniacha nilie mpaka nikachoka. Akaleta bakuli la uji akalishika juu ya kichwa changu.

"Unakunywa au nikuogeshe?"

Nikanywa. Alikaa kwangu mpaka hitima, akinitukana kutwa, akichota maji, akipasua kuni, akiwafukuza watu waliotaka kunihurumia. Wakati wa kuaga nikamwambia, "Nitakulipa, mtumwa wewe."

"Utanilipa kaburini," akasema. "Siku yangu ushuke ulale humo. Usitoke mpaka watoe jogoo. Na awe jogoo, siyo kifaranga."

"Nitalala mpaka nikorome."

"Koroma. Mimi nitakuwa nangoja."

Ahadi hiyo tuliirudia mara nyingi, njiani, kwenye chai, mbele ya mkewe Bi Mwanaidi. Haikuwa siri. Kila mtu Mwera alijua kuwa Maganga atakapokufa, Mzigua wake atalala kaburini.

Jumatano ile nilifika mapema. Dokta Hansi naye alikuwa amekuja. Siku hizi ni mzee kama sisi, alikuwa nchini kutembelea kazi zake za zamani akapata habari. Akaniomba mambo mawili. Nisimame karibu naye nimweleze kinachoendelea, na baada ya maziko niseme maneno machache kwa Kiingereza kwenye simu yake, kuhusu namna Maganga alivyowasaidia watu, awapelekee wenzake wa zamani kule kwao.

Nikakubali. Na tangu hapo, ndugu zangu, sikuwa tena msibani. Nilikuwa kazini.

Tulipofika makaburini nilikuwa nikipanga maneno. "He helped many people." Hapana, help ni ndogo, ni ya kutwika na kuondoka. "He assisted the doctors." Hiyo inamfanya msaidizi tu. "He supported." Nikaikumbuka ngata, nikaona inafaa, lakini je, wazungu watajua ngata? Labda "served". Lakini "served" inanukia jikoni kwa meneja. Nikarudi kwenye "help". Nikaenda tena kwenye "support".

Upande wa pili wa kaburi walisimama Wazigua wenzangu wawili. Mmoja ni Sefu, fundi pikipiki, mtu mzima mwenye watoto. Wamekunja suruali tayari. Kwa desturi mkubwa ndiye anayeanza, na mkubwa nilikuwa mimi. Sefu akaninyooshea kidevu: tuingie?

Nikaitazama simu ya Dokta Hansi. Ilikuwa imeinuliwa, tayari kupiga picha. Nikaona wale wenzake kule kwao wakitazama mzee mwenye mvi anaruka ndani ya kaburi la rafiki yake na kuitisha jogoo. Miaka yote nimewatafsiria watu wetu waonekane watu wa heshima. Nikajiambia, siyo leo nitakapowaaibisha.

Nikamtikisia Sefu kichwa: hapana.

Shehe wetu wa Mwera hapendi utani makaburini, lakini ni mtu wa huku. Wakati wa watani ukifika yeye hugeukia pembeni akakohoa kidogo, asione. Alikohoa. Kisha akakohoa tena, kikohozi kirefu. Akanitazama. Wanaume wote walikuwa wananitazama. Nami nilikuwa nimefika kwenye "support", nikijiuliza nianze na "always" au niimalizie nayo.

Shehe akaacha kukohoa. Wakamteremsha Maganga.

Sefu alipita karibu yangu akipangusa udongo mikononi. "Shikamoo mjomba," akasema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia. "Mtani wetu tumemzika kama mzigo wa posta."

Watu walipoanza kutawanyika, Dokta Hansi akanielekezea simu. Nikasema niliyoyapanga. Nikasema Maganga "supported" watu wengi, daima. Sauti yangu ilitoka nzuri, wala sikukosea mahali. Dokta akanishukuru, akaitia simu mfukoni. Kisha akaniuliza, kwa upole kama anavyouliza mgonjwa anaumwa wapi:

"Kwani watani hawakuweza kufika?"

"Watani gani?" nikasema.

"Maganga aliniambia zamani sana. Kwamba siku hii utashuka kaburini, hutatoka mpaka upewe jogoo. Akanionya nisishtuke. Nilikuwa naangalia uanze saa ngapi, nipige picha. Wenzangu kule wote wanaijua hadithi hiyo, walinisisitiza wanataka kuona."

Akanichukua mpaka kwenye gari. Akafungua nyuma. Ndani ya boksi lenye matundu, amefungwa miguu kwa kitambaa cha bandeji, alikuwemo jogoo. Mwekundu, mkubwa, wala si kifaranga.

"Nilimnunua asubuhi sokoni Pangani," Dokta Hansi akasema. "Nilidhani pengine wanawe watasahau."

Nimewahi kuaibika katika kazi hii. Nimeaibika Mkwaja kwa vikapu, nimeaibika Maramba mbele ya mkwe wa mtu. Zile zilikuwa aibu za kutojua. Mtu unacheka nazo baadaye, kama mlivyocheka sasa hivi. Hii sijajua nitafanya nayo nini. Niliona haya kwa ajili ya desturi yetu mbele ya mtu aliyeileta desturi hiyohiyo ndani ya boksi. Na aliyelipa ni Maganga, aliyekuwa amelala pale akingoja nikorome.

Nilimpeleka jogoo kwa Bi Mwanaidi jioni ileile. Yuko eda, kwa hiyo nilisimama nje ya pazia la mlango.

"Hodi shemeji."

"Karibu mgeni."

Miaka yote hakuwahi kuniita mgeni. Alikuwa akiniita mtumwa.

"Nimeleta jogoo," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa watani."

"Watani walikuja?"

Nikamhamishia jogoo mkono wa pili. Bi Mwanaidi akasema, "Mfunge hapo kwenye mpapai. Hatuwezi kumla sisi, na wewe hujamfanyia kazi. Akae."

Jogoo akakaa pale mpaka arobaini. Nilikuwa nikipita barabarani namsikia.

Siku hiyo ya hitima ya arobaini nilikwenda nimeazima shuka nyeupe kwa jirani, nimejifunga kama Maganga alivyokuwa akivaa koti lake refu la zahanati. Nimeshika kijiti kama bomba la sindano. Magoti yananiuma. Sefu na mwenzake wakanifuata nyuma, kwanza kwa kunihurumia tu, nilijua. Nikapita katikati ya jamvi na viatu vyangu. Nikaenda mpaka jikoni uani, nikakaa juu ya mfuniko wa sufuria la pilau. Ulikuwa wa moto.

"Mtumwa wangu..." nikasema.

Yaliyobaki yakanikimbia. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, kama nilivyoyapanga yale ya Kiingereza, na hakuna lililokuja. Nikakaa pale juu ya sufuria nimeinua kijiti, machozi yananishuka ndevuni.

Sauti ya Bi Mwanaidi ikatoka nyuma ya pazia la mlango wa uani.

"Mzigua! Hata kutukana mpaka utafsiriwe?"

Kwanza akacheka Sefu. Kisha wanawake wa jikoni, kisha jamvi zima, na shehe akageukia pembeni akakohoa kwa muda mrefu. Mmoja wa wanawake akanigonga mgongoni kwa upawa akaniambia nitoke juu ya chakula cha watu, mtumwa mkubwa.

Nikatoka. Nikakaa kwenye jamvi. Walipopakua, wengine wote walipata pilau na nyama. Mimi Bi Mwanaidi alituma niletewe sahani ya peke yangu, imefunikwa kawa kwa heshima zote. Nikafunua. Juu ya pilau palikuwa na kichwa cha yule jogoo mwekundu na miguu yake miwili, kucha zimeelekea juu.

Nikala miguu yote miwili, na kichwa.